Kugawanya kwa Sehemu: Kutoka Sufuria ya Futari hadi Karatasi ya Mirathi



Ndugu zangu, katika darasa la jioni ambalo jumuiya yetu huwafanyia wenzetu wa mwaka wa kwanza wanaosumbuliwa na hesabu, mimi ndiye ninayeshika chaki siku ya Jumatano. Mwezi uliopita niliandika ubaoni 6 ÷ ½, nikauliza jibu. Darasa karibu zima likaitikia: tatu. Nikawaambia si tatu, ni kumi na mbili, nikawaonyesha kwa njia tuliyofundishwa sote tangu shule ya msingi: pindua sehemu, badili alama iwe ya kuzidisha, maliza. Dada mmoja anayesoma uchumi, aliyekaa karibu na dirisha, akainua mkono. "Kaka, kwa nini tunapindua? Na kwa nini nikigawanya kitu kinaongezeka? Nyumbani tukigawa kitu, kinapungua."

Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo kanuni. Akainama, akaandika daftarini, kwa utiifu ule wa mtu aliyeambiwa ameze kidonge bila kuambiwa kinatibu nini.

Nilirudi chumbani na aibu. Si kwa sababu swali lilikuwa gumu, bali kwa sababu miaka miwili kabla ya hapo kutolielewa jambo hilihili nusura kumnyime mtu haki yake, na karatasi iliyotaka kumnyima niliiandika mimi. Nitaieleza habari hiyo, lakini kwanza nimlipe dada yule deni lake.

Nianze na neno lenyewe. Waliosema tatu hawakukosa hesabu, walijibu swali jingine. Kwa Kiswahili chetu cha Buyenzi, na nadhani cha kila mahali, ukimwambia mtu "gawa kwa nusu" atachukua kisu na kukata kitu vipande viwili vilivyo sawa. Hiyo ni 6 ÷ 2, na jibu lake ni tatu, wala hana kosa. Sisi tuliosoma hesabu kwa Kifaransa tulilikwepa tatizo hili kwa sababu tulikariri maneno ya kigeni bila kuyapitisha kwenye lugha tunayoiota usiku. Siku unapolazimika kumfundisha mtu kwa Kiswahili ndipo unapogundua kwamba hukuwahi kuelewa.

Kugawa, midomoni mwetu, ni watu kukaa duara na kitu kikiwa katikati. Mandazi sita, watu watatu, kila mtu mawili. Kwa maana hiyo kugawa kwa nusu ni upuuzi, maana hakuna nusu ya mtu anayekaa kwenye duara akingoja andazi. Lakini alama ya ÷ ina maana ya pili, nayo ni kupima. 6 ÷ 2 inauliza pia: mbili inaingia mara ngapi ndani ya sita? Mara tatu. Na 6 ÷ ½ inauliza: nusu inaingia mara ngapi ndani ya sita? Sasa swali lina akili. Katika kila kimoja mna nusu mbili, na vipo sita, basi ni mara kumi na mbili. Mchele haukuongezeka hata punje. Kilichoongezeka ni idadi ya michoto, kwa sababu kata imekuwa ndogo.

Nimesema mchele kwa makusudi. Ramadhani iliyopita nilikuwa zamu ya jikoni, na anayejua jikoni ya jumuiya yetu anajua kwamba pale hesabu si jambo la karatasi. Tulikuwa na kilo 6 za mchele na kikombe kinachobeba robo kilo. Vikombe vingapi? Kila kilo ni vikombe vinne, basi 6 × 4 = 24. Mtoto wa jikoni anajua hilo bila kusoma. Lakini angalia alichofanya: ameulizwa 6 ÷ ¼, naye amezidisha kwa 4. Hakupindua kitu kwa amri ya mwalimu. Amehesabu robo zilizomo.

Tuongeze ugumu. Sufuria zetu ndogo zinapika vizuri robo tatu ya kilo. Ukizidisha, wali wa juu unabaki na kiini. Kilo 6 zitajaza sufuria ngapi? Hapa ndipo kanuni yote ilipolala, kwa hiyo twende polepole. Kwanza tunageuza kila kitu kuwa robo: kilo 6 ni robo 24. Halafu kila sufuria inakula robo 3. Basi 24 ÷ 3 = 8. Sufuria nane. Tumefanya mambo mawili: tumezidisha kwa 4 ili kupata robo, kisha tumegawanya kwa 3 kwa kuwa kila sufuria inachukua tatu. Kuzidisha kwa 4 na kugawanya kwa 3 ni sawa na kuzidisha kwa 4/3. Na hiyo 4/3 ni ile ¾ iliyosimama kichwa chini. Huko ndiko kupindua kulikotoka. Namba ya chini, asili, inakuambia ukikate kizima katika vipande vingapi. Namba ya juu, kiasi, inakuambia uvifunge vipande vingapi pamoja. Kukata kunaongeza idadi, kufunga kunapunguza.

Usiku mmoja mchele ulikuwa kilo 5 tu. Kwa njia ileile: robo 20, tatu tatu, tunapata 20/3, yaani sufuria 6 na ⅔. Ndugu mmoja wa kitivo cha sheria akapinga. Alikuwa ameshajaza sufuria sita, akapima mchele uliobaki: nusu kilo kamili. "Hesabu yako inasema theluthi mbili, mzani unasema nusu. Nimwamini nani?" Waamini wote wawili. Mzani unapima kwa kilo, na kilichobaki ni nusu ya kilo. Hesabu yetu iliuliza sufuria ngapi, na ile nusu kilo ni robo mbili, wakati sufuria inataka robo tatu. Basi imejaza theluthi mbili ya sufuria. Mabaki ni yaleyale, kipimo ndicho kilichobadilika. Nimeona wanafunzi wengi wakipoteza alama za mtihani kwenye jambo hili dogo, wakiandika 6½ kwa ujasiri kabisa.

Ipo maana ya tatu, na hii ndiyo niliyokuwa siijui siku ile ya karatasi. Kugawanya kwa sehemu ni kukitafuta kizima ukiwa umeshika kipande chake. Chukua mtu aliyetoa zaka ya fedha faranga 75,000 na hakutaja mali yake. Zaka hiyo ni moja ya arobaini. Mali yake ni ngapi? Ikiwa fungu moja ni 75,000 na mafungu ni arobaini, mali ni 3,000,000. Umefanya 75,000 ÷ 1/40. Hakuna anayechota hapa wala anayekaa duara. Tunauliza: hiki nilichonacho ni sehemu fulani ya kitu, je, kitu chenyewe ni kiasi gani? Vivyo hivyo ukiambiwa 12 ni theluthi mbili ya namba gani, utasema mafungu mawili ni 12, moja ni 6, yote matatu ni 18. Umegawanya kwa 2, ukazidisha kwa 3. Kupindua tena, ila umefika kwa mlango mwingine.

Sasa niieleze ile siku.

Baba yangu mdogo alifariki nikiwa mwaka wa kwanza. Aliacha mke, ambaye sisi tunamwita Mama mdogo, na mabinti wawili wadogo. Babu na Bibi wote walikuwa hai. Yalipolipwa madeni na gharama za maziko, ilibaki mali ya thamani ya faranga 27,000,000. (Namba nimeinyoosha ili isomeke kwa urahisi, uwiano ni uleule.) Baba mkubwa akaniita mbele ya wazee: "Wewe si unasoma hesabu chuoni? Mafungu yamo ndani ya Qur'ani, andika." Nikaona fahari. Maalim wetu wa madrasa alikuwa amechelewa, nami sikuona haja ya kumsubiri.

Mafungu niliyajua. Mabinti wawili, theluthi mbili. Babu, sudusi. Bibi, sudusi. Mke, kwa kuwa marehemu ana watoto, thumuni. Nikaanza kuandika kwa mpangilio huo. Mabinti 18,000,000. Babu 4,500,000. Bibi 4,500,000. Nikajumlisha: 27,000,000. Mali imekwisha. Na chini bado palikuwa na mstari mmoja: mke, 3,375,000, ambazo hazipo.

Nikarudia hesabu mara tatu, jasho likinitoka. Namba haikubadilika. Baba mkubwa akaichukua karatasi, akaisoma kimya, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayehitimisha: "Hesabu yenyewe imesema. Aliyezidi ni mke." Hakuwa na fungu lake mle, maana ndugu wa marehemu hawarithi baba akiwapo, kwa hiyo siwezi kusema alitafuta faida. Aliamini karatasi. Na karatasi ilikuwa na mwandiko wangu. Mama mdogo alikuwa chumba cha pili nyuma ya pazia, mabinti wakiwa mapajani mwake, na kila neno lilimfikia.

Maalim aliingia wakati wazee wameanza kunong'onezana habari ya kumpa "chochote cha kumshika mkono". Akaomba karatasi. Hakuiangalia jumla, aliangalia mpangilio. "Kwa nini mke yuko chini?" akaniuliza. Sikuwa na jibu. Nilimwandika chini kwa sababu nilimwandika chini. Akasema: "Mwandike yeye juu, na baba yako uweke chini, tuone nani atazidi." Nikaandika. Safari hii Babu ndiye aliyepungukiwa, akabaki na 1,125,000 kati ya 4,500,000 zake. Chumba kikanyamaza. Hakuna mzee aliyesema kwamba hesabu imemtaja Babu.

Kisha Maalim akachukua kalamu akayaandika mafungu yote kwa asili moja, 24. Mabinti 16, Babu 4, Bibi 4, mke 3. Jumla yake 27. Akaikata ile 24 kwa mstari, akaandika juu yake 27, akaniambia nigawanye mali kwa 27 na kila mtu apewe idadi ya mafungu yake. Fungu moja likawa 1,000,000. Mabinti 16,000,000, nane kwa kila mmoja. Babu 4,000,000. Bibi 4,000,000. Mama mdogo 3,000,000. Jumla 27,000,000, haikubaki faranga wala haikupungua.

Hii ndiyo 'awl, na mas-ala yetu ilikuwa na jina tangu zamani: Al-Minbariyya. Husimuliwa kwamba Sayyidna Ali, Allah amridhie, aliulizwa juu yake akiwa kwenye mimbari, akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mwanamke yule imekuwa tusui, kisha akaendelea na hotuba yake. Ni kweli kabisa: 3/24 ni moja ya nane, na 3/27 ni moja ya tisa. Kutumika kwa 'awl kunaelezwa kuwa kulianza zama za Sayyidna Umar. Ibn Abbas hakuikubali, na wafuasi wa madhehebu ya Jaafari hawaitumii mpaka leo. Wao wana njia yao ya kuamua nani apunguziwe. Maimamu wanne wa Ahlus-Sunna wameichukua, na ndiyo tuliyoifuata nyumbani.

Siku ile niliiona kama ujanja wa Maalim tu. Nilipokuwa nimelala na aibu ya lile swali la ubaoni ndipo ilipoungana. Mafungu ya warithi yakijumlishwa yanatoa 27/24. Mali tuliyokuwa nayo, milioni 27, lazima itoshe mafungu yote hayo. Kwa maneno mengine milioni 27 ni 27/24 ya kitu fulani. Kitu hicho ni kiasi gani? Ni lile swali la zaka, la kukitafuta kizima: 27,000,000 ÷ 27/24. Gawanya kwa 27, zidisha kwa 24, unapata 24,000,000. Sasa toa mafungu ya Qur'ani ndani ya milioni 24 hiyo bila kubadilisha hata moja: thumuni ni 3,000,000, sudusi ni 4,000,000, theluthi mbili ni 16,000,000. Ndizo namba za Maalim. Kosa langu lilikuwa kuchukua kila fungu katika milioni 27 kana kwamba nzima ilikuwa moja, wakati mafungu yenyewe yameshaipita moja. Kugawanya kwa 27/24 kunawapunguzia wote kwa uwiano mmoja, kila mtu anapoteza moja ya tisa ya alichokitarajia, na mpangilio wa karatasi hauna tena la kusema.

Angalieni pia kwamba hapa jibu limepungua, kutoka 27 hadi 24. Dada wa dirishani alidhani kugawanya kwa sehemu daima huongeza. Huongeza sehemu ikiwa chini ya moja. Ikizidi moja, hupunguza. Na ile 3,375,000 iliyokosekana ilikuwa sawasawa na haki ya mke kwa sababu 27/24 inaizidi nzima kwa 3/24, na 3/24 ni thumuni. Ni sadfa ya namba. Sadfa hiyo ndiyo iliyomdanganya Baba mkubwa, na mimi pamoja naye.

Neno asili nalo lina utamu wake. Vitabu vya hesabu vya Kiswahili huiita hivyo namba ya chini ya sehemu, na wanazuoni wa faraidh huiita ile 24 asili ya mas-ala. Elimu hizi mbili zimekaa nyumba moja muda mrefu: Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika zama za Khalifa Al-Ma'mun kile kitabu ambacho elimu ya aljebra imechukua jina lake, aliitumia sehemu kubwa ya kitabu hicho kutatua mas-ala ya wasia na mirathi.

Jumatano iliyofuata nilirudi ubaoni. Nilianza na mchele, nikaenda kwenye zaka, nikamaliza na mirathi bila kutaja ni ya nani. Dada yule alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo nilipaswa kulitarajia: "Na mafungu yakijumlishwa yakawa pungufu ya moja?" Nikamwomba aje ubaoni alifanye mwenyewe. Mtu amefariki akaacha mama na binti mmoja tu, hakuna mrithi mwingine. Mama sudusi, binti nusu. Jumla 4/6, yaani ⅔. Mali 12,000,000. Kwa wanaokubali radd, kilichobaki kinarudishwa kwao kwa uwiano wa mafungu yao. Akaandika 12,000,000 ÷ ⅔, akasimama kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "mafungu mawili ni kumi na mbili, moja ni sita, matatu ni kumi na nane." Kizima ni 18,000,000. Sudusi yake 3,000,000 kwa mama, nusu yake 9,000,000 kwa binti. Akajumlisha, ikawa 12,000,000. Hakupindua kitu, wala sikumkumbusha.

Mama mdogo aliniuliza jambo moja baada ya wazee kuondoka siku ile. Alinishika mkono mlangoni, akasema, "Mwanangu, ulipoandika ile ya kwanza, uliona kweli kwamba mimi nimezidi?" Nilimwambia sikuona kitu, niliandika tu. Akaniomba karatasi zote mbili, yangu na ya Maalim, akazikunja pamoja. Bado anazo.

Kwa atakayetaka kujaribu kabla ya Jumatano: mwanamke amefariki, hana mtoto wala mzazi, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Mume nusu, dada wote wawili theluthi mbili. Mali ni faranga 21,000,000. Tafuteni kizima kwanza, ndipo mtoe mafungu, na jina la mume mliandike popote mnapotaka.